Tasnifu zalala mezani, mtahiniwa ndiye anayelipa

MWANAFUNZI wa shahada ya uzamifu anapoandika sentensi ya mwisho ya tasnifu yake, jamaa na marafiki humpongeza wakidhani safari imefika ukingoni. Katika vyuo vikuu vingi humu nchini, hapo ndipo sehemu yenye kuchosha kuliko zote huanza, na uchovu huo hautokani na ugumu wa utafiti.

Kuanzia siku hiyo kazi humtoka mikononi. Hupitia kwa wasimamizi, mwenyekiti wa idara, bodi ya masomo ya uzamili na uzamifu, watahini wa ndani, mtahini wa nje, afisi ya karo, maktaba na hatimaye Seneti. Kila mmoja wa hao ana uwezo wa kuisimamisha. Ni nadra kusikia kwamba mmoja wao ameulizwa kwa nini aliisimamisha.

Mjadala wa uzamifu nchini Kenya umekuwa ukilikwepa jambo hilo kwa miaka mingi. Kelele zimekuwa kuhusu idadi: leo wahadhiri wenye shahada hiyo ni wachache mno, kesho chuo fulani kimewafuzisha wengi mno kwa siku moja. Swali la nani anapaswa kufanya nini, na kufikia lini, huachiwa subira ya mtahiniwa.

Kwa mujibu wa vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, masomo ya uzamifu huchukua muda usiopungua miaka 3. Vyuo navyo huweka kikomo cha juu, na anayekivuka hulazimika kuomba aongezewe muda na kuendelea kulipa karo. Saa ya mwanafunzi, basi, huanza kuhesabu siku anaposajiliwa na haisimami tasnifu yake inapokuwa imelala katika meza ya mtu mwingine. Saa ya upande wa pili imo katika vitabu vya kanuni, lakini haina kengele.

Mambo hayakuwa hivi tangu jadi. Wangari Maathai alipotunukiwa uzamifu mwaka 1971, na kuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa ndicho kimetoka tu kujisimamia baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1970. Watahiniwa wa kiwango hicho walikuwa wa kuhesabika na walimu wao waliwajua kwa majina. Tasnifu haikuweza kupotea kwa sababu hapakuwa na rundo la kupotelea.

Rundo lilikuja baadaye. Katika miaka ya 2012 na 2013 pekee, vyuo vishiriki 15 vilipandishwa hadhi na kuwa vyuo vikuu kamili vya umma, idadi ikapanda hadi 22. Majengo yalibadilishwa mabango kwa siku moja, lakini profesa haundwi kwa siku moja. Walimu wenye uwezo wa kusimamia na kutahini uzamifu walibaki wale wale, sasa wakigawanywa kwa vyuo vingi zaidi.

Kisha mwaka 2014 CUE ikatoa vigezo vipya vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri. Shahada ya uzamifu ikawa ndiyo tiketi ya kuwa mhadhiri, na waliokuwa wakifundisha kwa shahada ya uzamili wakapewa miaka michache kuitafuta. Muda huo ulipita bila pengo kuzibika. Hata hivyo, agizo hilo liliwasukuma darasani walimu wengi waliokuwa na familia, mikopo na vipindi vya kufundisha, sambamba na maafisa wa serikali, walimu wa shule za upili, makasisi na wanasiasa. William Ruto, wakati huo akiwa Naibu Rais, alitawazwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwezi Desemba 2018 kwa tasnifu iliyohusu kinamasi cha Saiwa, magharibi mwa nchi.

Wengi wa wanafunzi hao hujilipia. Kwao, mwaka mmoja wa kungoja si neno tu. Ni karo nyingine, ni cheo kilichoahirishwa, na kwa mhadhiri msaidizi anayefundisha kwa mkataba, huenda ikawa ni kazi yenyewe.

Njia iliyonyooka kwenye karatasi

Chukua mfano wa mtahiniwa anayetoa notisi ya kuwasilisha tasnifu mwezi Januari. Vyuo vingi hutaka notisi hiyo itangulie kwa miezi kama 3 ili bodi ya watahini ipate kuteuliwa. Akiwasilisha nakala zake Aprili, na watahini wakapewa miezi 2 au 3 ya kusoma, ripoti zinapaswa kuwa zimerudi kufikia Julai. Utetezi ukifanyika Agosti na masahihisho yakawa madogo, anaweza kuvishwa joho kabla ya Krismasi.

Huo ni mwaka wa kwenye karatasi. Mwaka wenyewe huwa tofauti. Notisi hukaa wiki kadhaa ikisubiri kikao cha idara ambacho hakikutimiza akidi. Jina la mtahini wa nje hupendekezwa, kisha hugunduliwa kwamba mhusika alistaafu. Nakala hutumwa, lakini hakuna anayethibitisha kwamba zilifika. Mtahiniwa akipiga simu huambiwa avute subira. Akipiga mara ya tatu huambiwa asiwasumbue watahini, kwani kuwasiliana nao moja kwa moja ni kinyume cha kanuni. Kanuni hiyo ni ya haki, maana hulinda mtihani. Ila inapokosekana afisi inayowafuatilia watahini kwa niaba ya mwanafunzi, hugeuka ukuta.

Sherehe za kufuzu nazo hufanyika mara moja au mbili kwa mwaka. Orodha ya mahafali ikishafungwa, anayechelewa kwa siku tatu huchelewa kwa nusu mwaka au mwaka mzima. Ndiyo maana wiki za mwisho kabla ya orodha kufungwa huwa na pilkapilka zisizofaa hadhi ya usomi: watu wazima wenye mvi wakikimbia kati ya idara na vibanda vya kupiga chapa, wakitafuta sahihi ya mtu aliyeondoka saa nne asubuhi na hakusema anarudi lini.

Watahini wana upande wao wa kusimulia, na haufai kupuuzwa. Kusoma tasnifu ya kurasa 300 kwa makini ni kazi ya siku nyingi. Malipo yake ni madogo na aghalabu hucheleweshwa. Anayeifanya ni mhadhiri yule yule aliye na madarasa yenye mamia ya wanafunzi, mitihani ya kusahihisha, na pengine vipindi katika bewa jingine mwishoni mwa wiki ili kujazia mshahara. Vigezo vya CUE vinasema mhadhiri asisimamie zaidi ya wanafunzi 3 wa uzamifu kwa wakati mmoja. Katika idara yenye maprofesa wawili na wanafunzi wa uzamifu thelathini, hesabu hiyo haiwezekani, na kila mmoja katika idara hiyo anajua haiwezekani.

Isitoshe, migomo hufunga milango yote kwa pamoja. Mwaka 2018 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Machi hadi Mei. Mwaka 2025 waligoma tena kwa siku 49, kuanzia Septemba hadi Novemba, wakidai malimbikizo ya Sh7.9 bilioni ya mkataba wa malipo wa 2017-2021. Madai yao yalikuwa ya haki na serikali yenyewe ilikubali kuyalipa kwa awamu. Lakini wanafunzi wa shahada ya kwanza ndio walioonekana kwenye runinga wakibeba mizigo kurudi nyumbani. Mtahiniwa wa uzamifu ambaye utetezi wake ulipangiwa wiki hizo hakuwa na mzigo wa kubeba, na hakuonekana.

Wanaoandika kwa Kiswahili

Kundi moja la watahiniwa hukabiliwa na vikwazo vyote hivyo, kisha na vingine vya ziada. Ni wale wanaotafiti na kuandika kwa lugha ya Kiswahili.

Kwanza, watahini wao wa nje ni wachache. Mtahiniwa wa uchumi anaweza kutahiniwa na mtu wa Lagos, Johannesburg au Manchester. Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu ushairi wa Pate au mofolojia ya lahaja ya Kimvita anahitaji mtu anayeijua mada, tena anayeisoma lugha kwa ufasaha wa kitaaluma. Hao hupatikana katika vyuo vichache vya humu nchini, Dar es Salaam, Dodoma na Zanzibar, na wachache Ulaya na Marekani. Majina ni yale yale katika kila orodha. Mtu mmoja akiugua au akienda likizo ya utafiti, tasnifu za vyuo kadhaa husimama kwa pamoja.

Pili, kuna mashine. Vyuo hutumia programu za kupima mfanano wa maandishi, Turnitin ikiwa maarufu kuliko zote, na huweka asilimia ambayo mtahiniwa hapaswi kuivuka. Programu hizo hazijui wizi. Hujua mfanano tu. Mtahiniwa anayenukuu beti za utenzi wa kale ili azichambue ataonekana ameiga, iwapo aliyeendesha mashine hakuiagiza iache manukuu na orodha ya marejeleo. Afisa asiyesoma Kiswahili huona rangi nyekundu kwenye ukurasa na kurudisha kazi nzima. Kinyume chake nacho ni hatari vile vile. Tasnifu nyingi za Kiswahili za miaka ya nyuma zimo kwenye rafu za maktaba na hazimo kwenye intaneti, kwa hivyo aliyenakili kutoka humo anaweza kupita bila hata nukta nyekundu. Anayeweza kumnasa ni mtahini aliyeisoma tasnifu hiyo ya zamani, na huyo ndiye yule mmoja anayesubiriwa na vyuo kadhaa.

Tatu, kuna mizozo ya istilahi, ambayo kwa mtazamaji wa nje inaweza kuonekana kichekesho. Kenya husema uzamifu, Tanzania husema uzamivu. Mtahini kutoka upande mmoja wa mpaka anaweza kuupigia mstari ukurasa wa jina kabla hajafika dibaji. Mtahiniwa mwerevu hutafuta mapema kujua msimamo wa idara yake, akaushikilia na kuutetea. Asiyejua hubadilisha neno hilo mara mia kwa amri ya mtahini wa ndani, kisha akalirejesha kwa amri ya mtahini wa nje.

Tatizo la maagizo yanayokinzana ni kubwa kuliko Kiswahili, bila shaka. Mtahini mmoja husema sura ya pili ni ndefu mno, mwenzake husema haina kina. Mmoja hutaka nadharia moja, mwingine hushangaa kwa nini haziko mbili. Hapo mwenyekiti wa bodi ndiye anayepaswa kuamua, tena kwa maandishi, ni masahihisho gani yanayomfunga mtahiniwa. Pale ambapo hakuna orodha moja iliyotiwa sahihi, masahihisho madogo huzaa masahihisho mengine, na aliyefaulu mtihani hujikuta ametahiniwa upya chini kwa chini.

Kilichofunzwa na mwaka 2019

Mwezi Juni 2019, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kiliwatawaza mahafali 118 wa uzamifu katika sherehe moja, wengi wao wakiwa wa taaluma za biashara na usimamizi. Taifa lilishtuka. Aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitaka ukweli ujulikane na CUE ikapewa kazi ya kuchunguza. Chuo kilishikilia kwamba mahafali wake walikuwa wametimiza masharti.

Maswali yaliyoulizwa wakati huo yalikuwa ya msingi. Ni walimu wangapi walisimamia watu wote hao? Je, kikomo cha wanafunzi 3 kwa msimamizi kilizingatiwa? Kazi zao zilitahiniwa na nani?

Lakini kuna jambo lililopita bila kutazamwa sana. Sherehe yenye mahafali 118 inaweza kuwa na maana mbili zilizo kinyume kabisa. Huenda mlango ulilegezwa na watu wakapitishwa haraka kuliko ilivyostahili. Ama huenda kulikuwa na rundo la tasnifu zilizolala kwa miaka, kisha mtu mmoja akaamua kulimaliza. Hali ya kwanza ni kashfa ya ubora, ya pili ni kashfa ya uchelewaji iliyokuja kuvaa joho siku moja. Mwananchi aliyesoma idadi hiyo kwenye gazeti hakuwa na njia ya kutofautisha, kwa kuwa kijitabu cha mahafali humwambia jina na mada bila kumwambia kazi iliwasilishwa lini wala ilitetewa lini.

Tangu hapo, kila chuo kinachotangaza idadi kubwa hutiliwa shaka, na baadhi ya wakuu wa vyuo wanaonekana kuamini kwamba polepole ndiyo kinga ya lawama. Hoja hiyo haina mashiko. Tasnifu iliyokaa miezi kumi na minne bila kufunguliwa haikuchunguzwa zaidi ya ile iliyosomwa kwa wiki sita. Imezeeka tu. Takwimu zake zimepitwa na wakati, marejeleo yake yamepitwa, na mtahini anapoishika hatimaye humlaumu mtahiniwa kwa kutotaja vitabu vilivyochapishwa wakati kazi ikiwa kabatini.

Uchunguzi wa kweli unahitajika sasa kuliko wakati wowote. Mwaka 2019 gazeti la New York Times la Marekani lilifichua jinsi vijana wa Kenya wanavyoandikia insha wanafunzi wa ng'ambo kwa malipo. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya kuuza insha kwa sheria ya mwaka 2022. Mwaka 2024 filamu ya The Shadow Scholars, ikimfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliye mzaliwa wa Kenya, iliwaonyesha waandishi hao. Ni vigumu kuamini kwamba ustadi unaouzwa London na Chicago haupati mnunuzi Nairobi. Aidha, tangu programu ya ChatGPT izinduliwe Novemba 2022, ukurasa ulioandikwa kwa ufasaha hauthibitishi tena kwamba anayeuwasilisha ndiye aliyeufikiria.

Kilichobaki ni utetezi. Mtahiniwa aliyefanya utafiti wake mwenyewe ataeleza kwa nini alichagua kijiji hiki na si kile, ni mhojiwa gani aliyekataa kujibu, na ni jedwali gani lililomnyima usingizi. Aliyenunua tasnifu atayumba. Swali zuri la dakika mbili hufichua mambo ambayo mashine haiyaoni. Swali hilo, hata hivyo, huulizwa na mtahini aliyesoma. Jopo linaloitishwa mbiombio ili kuwahi orodha ya mahafali, baada ya miezi mingi ya kimya, huuliza kuhusu ukubwa wa herufi na mpangilio wa marejeleo. Uchelewaji huishia hivyo kuzaa uzembe ule ule ambao watetezi wake hudai unauzuia.

Nani hufaidika na kungoja

Kuna suala la fedha ambalo wakuu wa vyuo hawapendi lisemwe waziwazi. Mwanafunzi anayekawia anaendelea kulipa. Karo ya mwaka, ada ya usajili na ada ya kuongezewa muda huingia iwe msimamizi amesoma au hakusoma. Si kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga njama. Ila mfumo unaolipwa kwa kuchelewesha hauna sababu ya kuharakisha.

Afrika Kusini iligeuza hesabu hiyo. Kwa utaratibu wa ufadhili uliobuniwa mwaka 2003, serikali hukilipa chuo kikuu ruzuku kwa kila mhitimu, na mhitimu wa uzamifu huhesabiwa kwa uzito mkubwa kuliko wa uzamili. Tasnifu inayolala ni fedha zinazolala, na msajili analifahamu hilo. Utaratibu huo umekosolewa pia, kwamba unaweza kuvishawishi vyuo kufuzisha watu kiholela, na wakosoaji wana hoja. Hata hivyo, umefanya muda wa kumaliza kuwa jambo linalojadiliwa katika mikutano ya wakuu, jambo ambalo hapa kwetu hujadiliwa na wanafunzi kwenye korido.

Sweden nayo ina desturi ya kale ambayo ina funzo. Wiki 3 hivi kabla ya utetezi, tasnifu hutangazwa hadharani. Katika vyuo vingine mtahiniwa huipigilia msumari kwenye ubao kama zamani. Maana yake ni kwamba tarehe ya utetezi hutangulia, kisha kila mtu hupanga kazi yake kuelekea siku hiyo. Humu nchini mpangilio ni kinyume: utetezi hufanyika pale ripoti zitakapofika, na ripoti hufika pale zitakapofika.

Si lazima kwenda mbali hivyo. Mpango wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na unaoongozwa kwa pamoja na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, huwafadhili wahadhiri wa vyuo vya Afrika kusoma uzamifu, vikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Moi. Wanafunzi huingia kwa makundi na kukutanishwa katika semina 4 zilizopangwa kufuata hatua za masomo, kuanzia kutunga swali la utafiti hadi kujitayarisha kwa maisha ya baada ya shahada. Kuna anayejua kila mmoja amefika wapi. Mpango huo una wafadhili na idadi ndogo ya wanafunzi, kwa hivyo si haki kuulinganisha na idara ya chuo cha umma isiyo hata na karatasi za kupiga chapa. Lakini kumjua mwanafunzi amefika wapi hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji daftari na mtu wa kulifungua kila mwezi.

Sheria pia ipo, ingawa ni wachache walioielekeza kwenye suala hili. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kiutawala kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 ikaeleza namna ya kuidai. Afisi ya chuo cha umma inayokaa na tasnifu mwaka mzima bila kueleza sababu haina kinga dhidi ya kifungu hicho. Tume ya Haki za Kiutawala, iliyoundwa mwaka 2011, husikiliza malalamishi kuhusu ucheleweshaji katika afisi za umma. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 nayo humruhusu mtahiniwa kuuliza kwa maandishi kazi yake ilitumwa lini, na ripoti ngapi zimerudi, bila kuingilia yaliyomo ndani ya ripoti hizo.

Kinachowazuia wengi ni woga, na woga huo una msingi. Anayelalamika leo ndiye atakayeketi kesho mbele ya watu aliowalalamikia. Kisha, akifuzu, huenda akaomba kazi katika idara hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo haitoshi kumwachia mtahiniwa mmoja mmoja jukumu la kupigania haki yake. Ulinzi unapaswa kutoka kwa CUE, ambayo tayari hukagua vyuo na ina mamlaka ya kudai takwimu.

Tume hiyo imezoea kuhesabu vitu. Huhesabu viti vya maktaba, vitabu, maabara na walimu wenye shahada. Huwataka watahiniwa wa uzamifu wachapishe makala 2 katika majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kufuzu, sharti ambalo limewatumbukiza wengine mikononi mwa majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote mradi malipo yamefika. Haijawa desturi kwake kuutangazia umma idadi ya siku ambazo tasnifu hukaa kati ya kuwasilishwa na kutetewa, chuo kwa chuo na kitivo kwa kitivo.

Takwimu hizo hazihitaji utafiti mpya. Tarehe ya kuwasilisha imepigwa muhuri kwenye nakala ya kwanza katika afisi ya masomo ya uzamili na uzamifu, na tarehe ya utetezi imo kwenye kumbukumbu za bodi ya watahini. Kijitabu cha mahafali tayari huchapisha jina la mhitimu wa uzamifu na mada ya tasnifu yake. Tarehe hizo mbili zikiongezwa chini ya kila jina, kijitabu hicho kitaongezeka mstari mmoja kwa kila mhitimu, na chuo kitakachowatawaza watu 118 kwa siku moja kitakuwa na la kuonyesha kikiulizwa.